Aliyebeba Somo la Tisa

Binti yake alikitupa kitabu cha sayansi kwenye kochi, akasema kinamchosha. Kitabu kipya, picha za rangi, jalada linateleza. Mama mtu alifungua kinywa amgombeze, akajikuta ameinama, anakiokota na kukinusa. Binti akamtazama kwa lile jicho la watoto wa siku hizi, jicho la kumhurumia mzazi. Angejuaje? Mtoto aliyekua na kitabu chake na dawati lake, utamwambiaje aelewe kwamba mama yake alimaliza shule ya msingi na kurasa kumi na nne tu, na kwamba alizibeba kifua mbele kama mtoto wa waziri?

Hakumgombeza. Alikaa na kitabu mapajani, na mawazo yakamrudisha bondeni.

Shule ya bondeni ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Upepo ukigeuka, vumbi jekundu liliingia madirishani bila kubisha hodi, maana vioo havikuwepo. Benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano, na yule wa pembeni tako lake moja lilikuwa likizo mwaka mzima. Juu ya kilima kulikuwa na shule nyingine, ya serikali hiyo hiyo, imeandikwa kwenye daftari lile lile la wilaya. Wa kule juu walikuwa na maktaba, na mtoto kwa kitabu chake. Vitabu vipya vikifika kule juu, vya zamani vilishushwa bondeni, kama maji ya kuoshea vyombo yanavyofuata mteremko. Na watu wa bondeni walitakiwa kushukuru, wakashukuru. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini anajua sana kupokea shukrani.

Mwaka wao wa mwisho, mwaka wa mtihani, vilishuka vitabu vinne vya sayansi. Darasa lilikuwa na watoto sitini na mmoja.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho na mpole wa mkono, ambaye viatu vyake vilijulikana kwa sauti tangu getini. Jumatatu moja aliingia darasani na wembe, uzi wa kushonea viatu na maboksi ya sabuni yaliyokatwakatwa. Akaweka kitabu cha kwanza mezani, akakichana katikati ya mgongo. Darasa zima lilivuta pumzi. Kitabu cha serikali! Domo, yule kijana ambaye mdomo wake haukujua kufunga ndiyo maana akaitwa hivyo, alinong'ona kwamba leo Mwalimu analala polisi.

"Kitabu kizima husomwa na mtoto mmoja," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa. "Kikikatwa, kinasomwa na kumi na wawili."

Kitabu kilikuwa na masomo kumi na mawili. Alilitoa kila somo peke yake, akalishonea jalada la boksi. Kazi hiyo ilimchukua wiki nzima, mapumziko kwa mapumziko, na watoto walizoea kumwona na uzi mdomoni. Siku ya kugawa alitangaza kwamba panya, mvua na watoto wa kule juu wameshirikiana kuviharibu vile vitabu. Masomo saba yalipatikana nakala nne nne, kwa hiyo kila nakala ingebebwa na watoto wawili. Lakini la tatu, la tano, la tisa, la kumi na la kumi na moja, kila moja lilikuwa na nakala moja tu nzima.

Hayo matano aliyagawa kwa heshima zote. Alimwita mtoto mbele, darasa likapiga makofi, akampa kwa mikono miwili.

"Hili halina ndugu," alimwambia msichana aliyepewa la tisa. "Ukilipoteza, darasa zima limelikosa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Na karatasi haiazimwi. Anaazimwa mtu. Anayetaka somo la tisa atakufuata wewe umfundishe."

Kuanzia siku hiyo jina lake la nyumbani likapotea. Akawa Tisa. Wenzake wanne nao wakawa Tatu, Tano, Kumi na Kumi na Moja, na wale hamsini na sita waliobaki na majina yao ya kawaida waliwaonea wivu waziwazi. Kila mtu aliamini kwamba wale watano ndio vichwa vya darasa. Kweli, Kumi na Moja alikuwa haziwezi hesabu za kugawanya hata umshikie kiboko, jambo ambalo lingepaswa kuwashtua. Lakini nani hukagua sifa anayopewa?

Somo la tisa lilihusu umeme. Usicheke. Shule haikuwa na hata swichi, na nyumbani kwa Tisa taa ilikuwa ya mafuta. Hata hivyo alilisoma lile somo bombani akisubiri ndoo ijae, akalisoma akichochea jiko, mpaka michoro ikawa inamjia akifumba macho. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa na kitu ambacho mwingine hana. Sasa alikuwa nacho, kimeshonwa kwa uzi wa viatu, na alikipenda. Mpaka leo hajui kama aliwahi kupenda kitu kingine kwa namna ile.

Aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba. Shangazi alikuwa dobi wa nyumba nne za kule kilimani. Alfajiri alipanda kuchukua nguo, mchana alifua, jioni alipiga pasi ya mkaa, na Tisa alimsaidia kabla ya shule na baada ya shule. Zikiwa zimebaki wiki tatu mtihani ufike, shangazi aliinama kuinua beseni la mashuka, na mgongo ukakataa kunyooka. Akalazwa kwenye mkeka karibu na mlango, anatoa amri kwa sauti na kulia kimya kimya.

"Nikikosa wiki moja watampa mwingine," alisema. "Na tukiikosa hiyo kazi, mwanangu, hapa tutakula nini, mapovu?"

Tisa hakubishana. Alivua sare, akafunga kitambaa kichwani, akaingia kwenye mabeseni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alijiambia ni siku mbili tu, na akachomeka somo lake kiunoni ili alirudie huku akisuuza.

Siku ya pili alipokuwa anakamua shuka, aliona nyuzi za viatu zikielea. Aliingiza mkono ndani ya maji, ukatoka na rojo la karatasi na kipande cha boksi la sabuni kilicholainika. Alisimama pale, mkono umefumbata lile tope jeupe. Ukilipoteza, darasa zima limelikosa. Alilia mpaka shangazi akadhani amejiunguza kwa pasi.

Hapo ndipo shule ilipokwisha moyoni mwake. Kazi ingeweza kuisha, mgongo ungeweza kupona, lakini angerudi vipi kuwatazama usoni watoto sitini? Siku zikapita, nane kwa hesabu. Alijifariji kwamba hakuna atakayeona. Alishawahi kuona wenzake wakiacha kuja, mmoja leo, mmoja mwezi ujao. Mwalimu huita jina, hapaitikiwi, anaweka alama kwenye daftari la mahudhurio, basi. Yeye naye angekuwa alama.

Yaliyokuwa yanatokea darasani alisimuliwa baadaye na Domo, na Domo akikusimulia jambo inabidi uligawe kwa mbili. Lakini katika hili wote walikubaliana naye. Siku zamu ya umeme ilipofika, Mwalimu alisimama mbele akasema, "Somo la tisa." Vichwa vikageuka. "Tisa yuko wapi?" Hakuna ajuaye. "Basi," akasema Mwalimu, akavuta kiti, akakunja mikono, akakaa kipindi kizima anatazama dirishani. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu Domo akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, si turuke, tuanze la kumi?"

"La kumi linasimama juu ya la tisa. Utajenga ghorofa bila chini?"

"Sasa si utuandikie ubaoni wewe mwenyewe, Mwalimu?"

"Kwa kitabu gani? Umeniona nina kitabu?"

Siku ya nne Kiranja, msichana mrefu aliyetunza funguo za darasa na nidhamu ya watu wote, alisimama bila kuruhusiwa. Akasema kwamba mtihani hauwasubiri, na kwamba yeye hafeli kwa sababu ya mtu mmoja. Baada ya kengele aliondoka na watoto kumi na wawili nyuma yake, wanaulizia njia nyumba kwa nyumba.

Tisa aliwaona wanakuja kwenye uchochoro wa nyumba yao, viatu vyekundu kwa vumbi la matofali, akatamani ardhi ipasuke. Wakaamkia wote kwa pamoja.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba," shangazi aliitikia kutoka kwenye mkeka. "Mmefiwa?"

"Hapana, shangazi. Tumemfuata Tisa."

"Hapa hakuna Tisa. Hapa kuna mtoto wa kaka yangu, na ana kazi."

Kiranja alimgeukia Tisa. "Somo letu liko wapi?"

Tisa alitazama miguu yake. "Limelowa," alisema. "Limeingia kwenye maji ya kufulia. Halipo tena."

Mtoto mmoja wa nyuma alianza kulia kweli kweli, na Tisa alihisi kila chozi lile ni lake yeye. Kisha Domo akajikuna kichwa.

"Karatasi imelowa. Wewe je, umelowa?"

"Nini?"

"Unalijua, hulijui?"

Tisa alifungua kinywa aseme halijui, yaishe, waondoke. Badala yake alijikuta anasema kwamba umeme hauendi mahali usipopata njia ya kurudi. Akaendelea. Akachora betri kwenye udongo kwa kidole chenye mapovu, akachora waya, akachora balbu, akaeleza kwa nini balbu mbili hufifia ukizipanga kwenye mstari mmoja. Alipoinua macho, watoto kumi na watatu walikuwa wamechuchumaa wamemzunguka, na shangazi alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anasikiliza.

"Basi anarudi," Kiranja alisema, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

"Anarudi wapi?" Shangazi alikuja juu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, eh? Nyinyi mnaona mabeseni tu. Mimi naona mwezi mzima bila chakula. Mtihani wenu ukiisha, mtakuja kutulisha?"

Kiranja alikunja mikono ya sare. "Nguo ziko wapi, shangazi?"

"Zipi?"

"Za leo."

Kidole kimoja hakivunji chawa, na siku ile vidole vilikuwa vingi. Wawili walikwenda bombani, watatu walifua, wanne walikamua mashuka, kila wawili upande wao, kama watu wanaovutana kamba. Domo alipewa mashati meupe, akayachanganya na soksi ya bluu, yakatoka rangi ya anga. Shangazi alimtukana mpaka akacheka, na alipocheka mgongo ulimuuma akatukana tena. Jua lilipoanza kushuka nguo zote zilikuwa kwenye kamba. Shangazi alizihesabu kwa kidole.

"Sikilizeni," alisema. "Nguo za watu zikichelewa siku moja, moja tu, huyu harudi tena shule. Na huyo mwenye mdomo asiguse nyeupe."

Zikapangwa zamu, watano kila siku baada ya masomo. Tisa alirudi shule asubuhi yake. Alipoingia mlangoni watoto sitini walipiga kelele hata darasa la jirani likatoka nje kuchungulia. Mwalimu alisema tu, "Somo la tisa," akaenda kukaa nyuma, kwenye ncha ya benchi, na lile tako lake moja hewani kama mwanafunzi.

Tisa alifundisha. Alikuwa na betri mbili za redio alizozianika juani tangu jana ili zipate uhai kidogo, na balbu ya tochi ya baba wa mtu. Alipogusisha waya, balbu iliwaka. Nuru yenyewe ilikuwa ndogo, ya kumulikia sisimizi, lakini darasa zima lilisimama juu ya mabenchi. Hata leo, mwanamke mzima mwenye nyumba yenye swichi kumi na sita, anakiri kwamba hajawahi kuona taa ikiwaka vile. Na kila akiikumbuka siku ile anatamani angekuwa mtoto tena kwa dakika tano, tano tu, asimame pale na zile betri.

Siku tatu baadaye Mwalimu alimtuma chaki. Chumba cha walimu kilikuwa kitupu, kabati liko wazi. Tisa alipapasa rafu ya juu, akaangusha furushi kubwa lililofungwa kwa gazeti. Vikatawanyika sakafuni vitabu vidogo vya majalada ya boksi la sabuni, vimeshonwa kwa uzi wa viatu. Akaokota kimoja. Somo la tisa. Akaokota kingine. Somo la tisa. Vilikuwa vitatu, safi, kurasa kumi na nne kila kimoja. Na la tatu vitatu, na la tano vitatu, na la kumi, na la kumi na moja.

Aliposikia vile viatu koridoni hakuvirudisha. Alivishika vitatu vyake mkononi.

"Chaki ziko rafu ya chini," Mwalimu alisema mlangoni. "Nilikwambia ya chini."

"Mwalimu, ulisema halina ndugu."

"Nilisema."

"Wenzangu wamekaa siku nne hawafundishwi! Mimi nimelia, nimeona nimeliua darasa zima. Na wewe unazo tatu?" Sauti yake ilikuwa imepanda kuliko sauti ya mtoto kwa mwalimu inavyoruhusiwa, na hakujali.

Mwalimu alifunga mlango. Hakumkemea. Alikaa, akavua miwani, akaonekana amechoka kuliko siku zote.

"Mwaka juzi nilianza na watoto sitini na nne," alisema. "Kwenye mtihani nilifika na arobaini na watano. Unajua mtoto akiacha kuja, wenzake hufanya nini? Husogea. Benchi la watano linakuwa la wanne, wanakaa vizuri. Wala siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa napumua, madaftari ya kusahihisha yamepungua." Akazifuta miwani zile ambazo hazikuwa na doa. "Nikasema mwaka huu akikosekana mtu, iwaume."

Kitu kilikuwa kinamkereketa Tisa, na alikisema. "Kwa hiyo hukunipa kwa sababu ya akili."

Mwalimu angeweza kudanganya, na mtoto angefurahi. "Akili nimeiona baadaye," alijibu. "Nilikupa kwa sababu ya mikono yako. Ilikuwa inanuka sabuni tangu siku ya kwanza ya muhula. Niliwapa wale ambao mguu mmoja nilishauona uko nje."

Iliuma. Hatasema haikuuma. Yale makofi, ile mikono miwili, wivu wa wenzake, kumbe vyote vilikuwa vya huruma. Akawapitia akilini mmoja mmoja. Tatu, ambaye baba yake alishasema msichana akijua kuandika jina lake inamtosha. Tano, aliyekuwa anahama nyumba kila kodi ikidaiwa. Kumi, mwenye kifua kibovu. Kumi na Moja, ambaye mama yake aliuza sokoni kutwa na kumwachia kitoto cha miezi saba. Darasa zima liliwaita vichwa, na wenyewe waliamini. Mwaka ule hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametoka, ila yeye, na yeye alirudishwa.

"Utawaambia?" Mwalimu aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza Tisa kumsikia akiuliza kitu ambacho hakuwa na jibu lake.

Tisa aliinama, akavikusanya vyote kumi na vitano, akavifunga kwenye gazeti, akavirudisha rafu ya juu. Akachukua chaki rafu ya chini. Akasema, "Nakwenda, Mwalimu," akatoka.

Darasani palikuwa na kelele za watu wanaosubiri. Aliziweka chaki mezani, macho yakiwa kwenye benchi la tatu. Tangu juzi Kumi na Moja hakuwepo, na benchi lilikuwa limeshazoea: wanne wamepanua viwiko, na pale pa pembeni Domo ameweka madaftari yake.

"Kumi na Moja yuko wapi?" Tisa aliuliza.

"Kwani leo zamu yake?" Domo alisema. "La kumi na moja si wiki ijayo?"

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Atakuwa kwao na kile kitoto. Wiki ijayo tutamfuata, kama tulivyokufuata wewe."

"Tunamfuata leo."

"Haraka ya nini? Somo lake bado."

"Achana na somo," Tisa alisema. "Kengele ikilia, inuka, twende tukamchukue mwenzetu."

Domo akayakusanya madaftari yake kutoka kwenye ile nafasi yenye mwenyewe.